Nusu Alama kwa Sijui

Wastani ulishuka.

Niliisoma karatasi ile mara tatu nikiwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha walimu, mkoba bado begani. Jaribio la kwanza, mwanzo wa muhula: 9.1 kati ya ishirini. Jaribio la pili, mwisho wa muhula: 8.6. Ofisi ya mitihani ilikuwa imegonga mhuri chini yake, na pembeni mkuu wa idara alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Jumatatu saa nne, mbele ya kamati. Njoo na maelezo."

Maelezo! Miezi minne nilikuwa nimewafundisha watu thelathini na mmoja elimu ya anga, siku tatu kwa wiki, nikipiga kelele mpaka sauti inakwama, na kwa mujibu wa karatasi hii kazi yangu yote ilikuwa kuwapunguzia akili. Wangebaki vitandani muhula mzima wangenizidi kwa nusu alama. Niliikunja ile karatasi mara nne, kisha nikaikunjua, nikaiweka mezani na kuanza kuiogopa.

Chuo chetu kinaandaa walimu wa sayansi. Kwa miaka mingi hakikuwa na darasa la elimu ya anga, mpaka nilipolianzisha mimi, kwa darubini moja iliyotumika, ambayo bado inakaa kabatini pamoja na ndoo na mafagio kwa sababu hakuna aliyewahi kunipa kabati jingine. Watu wengi hawajui nafundisha nini. Wateja wa mama yangu wakinikuta nyumbani hunikunjulia viganja niwasomee bahati zao. Nikiwaambia kwamba mimi napima umbali wa nyota, sisomi nyota ya mtu, hunitazama kwa huruma kama mtu aliyesoma sana akakosa kufika.

Hilo darasa ndilo maisha yangu. Sisemi hivyo kwa mbwembwe. Mkataba wangu chuoni ni wa darasa hilo peke yake. Likifungwa, nafungwa nalo, na nina miaka arobaini na mmoja na sijui kazi nyingine yoyote, wala sitaki kuijua.

Mkuu wa idara, ambaye wanafunzi wote humwita Mzee Sufuri, aliniita ofisini kwake mwanzoni mwa muhula. Alinifundisha aljebra nilipokuwa msichana, akanipa sufuri mbili mfululizo, kisha akanifundisha upya mpaka nikaipenda. Si mtu mbaya. Ni mtu anayeamini kwamba binadamu wote wanaweza kusema uongo ila namba.

"Binti yangu," aliniambia, "kamati inasema darasa lako ni la nyongeza tu. Nimewaomba wakupe muhula mmoja. Wapime wanafunzi mwanzoni, hesabu zao na uelewa wao wa sayansi. Wapime tena mwishoni, kwa jaribio lilelile. Wastani ukipanda hata kwa nusu alama, darasa linabaki. Usipopanda, hata mimi sitakuwa na mdomo wa kukutetea."

Nilitunga jaribio lenyewe kwa siku sita. Maswali ishirini: kumi ya hesabu, yaani asilimia, uwiano, kusoma grafu, namba zenye misururu ya sufuri, na kumi ya kupima kama mtu anaweza kutofautisha ushahidi na maneno matupu. Kila swali lilikuwa na majibu manne ya kuchagua, A mpaka D. Nami, kwa kujiona mjuzi, nikaongeza la tano kwa kila swali. E: Sijui.

Jaribio la kwanza lilinitia homa. Chukua swali la saba. "Mwanga wa Jua huchukua takriban dakika nane kufika duniani. Sayari fulani iko mbali na Jua mara tano ya umbali wa dunia. Mwanga utachukua muda gani kufika huko?" Mara tano ya nane. Mtoto anayetumwa dukani anaijua. Watu ishirini na sita kati ya thelathini na mmoja walichagua dakika nane.

"Dakika nane imo ndani ya swali lenyewe!" niliwaambia darasani, nikiinua ile karatasi juu. "Nimewaandikia mimi! Sasa inakuwaje jibu?"

Kijana wa mstari wa mbele, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisimama kwa adabu. "Mwalimu, sisi tulifundishwa ni dakika nane."

"Kufika duniani!"

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini ndivyo tulivyofundishwa."

Kuanzia siku hiyo wenzake wakamwita Dakika Nane, naye akaitika bila kinyongo.

Ila kilichonisumbua zaidi hakikuwa makosa. Watu thelathini na mmoja, maswali ishirini, majibu mia sita na ishirini. Ndani ya hayo yote, Sijui ilichaguliwa mara nne tu. Walikosa mara mia tatu thelathini na nne, na karibu kila walipokosa, walikosa kwa kujiamini. Niliwauliza kwa nini. Kila mtu akawa anaitafuta kalamu yake chini ya dawati.

Aliyejibu ni Mama Dawa. Huyu alikuwa mwanafunzi mzee kuliko wote, ananizidi mimi mwaka mmoja, na wenzake walimchagua kiongozi wa darasa siku ya kwanza kwa sababu alikuwa na saa ya mkononi. Kabla ya kurudi shule alikuwa ameuza dawa dukani kwa miaka kumi na mmoja.

"Mwalimu, usituchoke," alisema. "Sisi tumesoma miaka kumi na mitatu kabla ya kukufikia wewe. Ukisema sijui, unachapwa kila mara. Ukibahatisha, unachapwa mara mojamoja. Sasa wewe ungefanyaje?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Hata dukani nilikuwa hivyohivyo," aliendelea, sauti imeshuka. "Mtu ananiuliza, hii namnywesha mtoto mara ngapi kwa siku? Sikuwahi kusema sijui. Miaka kumi na mmoja, hata siku moja."

Akaketi, akaanza kuizungusha ile saa yake mkononi.

Basi nikatunga sheria. Kila Ijumaa niliwapa majaribio madogo ya maswali matano, na sheria ilikuwa hii: ukipata, alama moja. Ukikosa, unakatwa nusu. Ukisema Sijui, unapewa nusu. Wiki ya kwanza walidhani ni mtego. Wiki ya pili Dakika Nane alijibu Sijui mara tano, akapata mbili na nusu kati ya tano, akaja kuniuliza kama nimekosea kujumlisha. Wiki ya nne walikuwa wamebuni lugha yao. Mtu akiropoka jambo asilolijua, hata kama ni kuhusu mpira, wenzake walimwambia, "Hasi nusu!" na alilazimika kunyamaza.

Wiki ya tisa mmoja wao aliandika kwenye karatasi yake: "Sijui, ila najua si B, kwa sababu mwezi haujifichi nyuma ya kivuli cha dunia kila wiki." Nilikwenda chooni nikajifungia nikalia. Nimefundisha miaka mingi. Nimesahihisha karatasi nyingi zaidi ya nywele zangu. Sikuwahi kuona mtu akiweka mpaka kati ya anachokijua na asichokijua, akausimamia, tena bila aibu. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Jaribio la pili lilisimamiwa na ofisi ya mitihani, mimi nikakatazwa kuingia. Nilikaa kwenye benchi la korido nikihesabu vigae vya sakafu. Walipotoka walikuwa wanacheka. Dakika Nane alinijia mbio. "Mwalimu! Swali la saba ni dakika arobaini!" Nikampiga begani, nikamwambia sasa itabidi tumtafutie jina jingine. Nilirudi nyumbani siku ile nikiimba.

Na sasa, 8.6.

Niliomba karatasi zao za majibu, nikajifungia maabara, nikazipanga juu ya meza ndefu na kuzihesabu moja moja. Nilipofika karatasi ya sita nilirudi kuitazama ya kwanza. E. E. E. Sijui. Nilijumlisha mara mbili, maana mara ya kwanza sikutaka kuamini. Walichagua Sijui mara mia moja sabini na moja.

Mashine ya ofisi ya mitihani husahihisha jaribio hilo kwa njia moja tu: jibu sahihi ni moja, lisilo sahihi ni sufuri. Sijui ni sufuri. Kukosa nako ni sufuri. Kwenye jaribio lile kubahatisha hakukatwi kitu. Mimi mwenyewe ndiye niliyelitunga hivyo kabla sijatunga sheria yangu ya Ijumaa, na kwa miezi minne yote sikukumbuka kuwaambia. Sentensi moja tu: "Siku hiyo, jibuni yote." Sikuisema. Nilikuwa nimezama kwenye furaha yangu kiasi kwamba sikuikumbuka hata nilipokuwa nahesabu vigae.

Walifanya nilichowafundisha. Walifanya kwa uaminifu, mmoja baada ya mwingine, na kila walipofanya hivyo walinichimbia shimo.

Nilipiga hesabu nyingine, nikajuta kuipiga. Kama wangefumba macho na kuchora duara popote kwenye zile mia na sabini na moja, kwa majibu manne ya kuchagua wangepata robo yake, kama arobaini na tatu hivi. Wastani ungekuwa kumi kamili. Darasa lingepona na chenji ingebaki. Nililaza kichwa juu ya karatasi zao na kuanza kuwatukana kwa sauti ya chini, watu niliowapenda, kwa kosa la kunisikiliza. Kisha nikajitukana mimi, na hapo sikuwa na haraka.

Jumamosi mchana mama alinikuta nimekaa kwenye kochi la wateja, kati ya vitambaa, sijala. Mama yangu ni fundi cherehani. Sebule yetu ndiyo karakana yake, na nimelelewa nikitembea kwa kuangalia nisikanyage pini. Hajawahi kumwambia mteja kwamba hajui. Wakimuuliza nguo itakuwa tayari lini, husema Ijumaa. Ijumaa wakija, husema imebaki vifungo tu, na kitambaa bado hakijakatwa.

Nilimweleza kila kitu. Alisikiliza huku mguu wake ukiendelea kukanyaga pedali.

"Kwa hiyo," alisema mwishoni, "umewapima mara mbili na mara ya pili wameonekana wadogo."

"Ndiyo, mama."

"Basi umewapima vibaya, mwanangu. Hujui kupima." Alisimamisha cherehani, akavua miwani. "Unamkumbuka yule mteja wangu, mke wa mwalimu mkuu, aliyekuwa anajinyima ili apungue? Kila akija anauliza, fundi, nimepungua? Hajapungua hata uzi. Mwisho nikamhurumia. Siku moja ya baridi nikampima kiuno juu ya koti, nikaandika. Baada ya mwezi akaja na gauni jepesi, nikampima tena. Alirukaruka hapo hapo ulipokaa! Alinikumbatia nusura anivunje."

"Mama, huo ni udanganyifu."

"Udanganyifu uko wapi? Tepu ni ileile, mkono ni uleule, kiuno ni chake. Mimi nilimwambia avae koti?"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu niipate ile karatasi. Kisha kicheko kikageuka kikawa kilio, na mama akanivuta kichwa akakiweka mapajani, juu ya suruali ya mtu iliyokuwa inasubiri Ijumaa yake.

Jumatatu nilivaa suti yangu ya pekee. Chumba cha kamati kina meza ya duara na viti sita, na ukuta wake wote ni picha za wakuu wa chuo waliopita, wote wakiwa wamekasirika. Walikuwapo Mzee Sufuri, mama wa ofisi ya mitihani na faili lake, na walimu wawili wa kemia ambao wangefurahi kukipata chumba changu. Kwa utaratibu wa chuo kiongozi wa darasa naye aliitwa, kwa hiyo Mama Dawa alikaa kwenye kiti karibu na mlango, amevaa vizuri, saa yake mkononi. Aliniinulia kidole gumba kwa siri.

Nilijieleza kama anayepigania pumzi. Niliwachorea ubaoni. Mwanzoni walikosa mara mia tatu thelathini na nne, mwishoni mia na themanini na mbili, karibu nusu! Mwanzoni kila walipothubutu kujibu walipata chini ya nusu, mwishoni walipata sita katika kila kumi. Kilichoongezeka ni Sijui. Na Sijui, niliwaambia, ndiyo mwanzo wa sayansi yoyote. Hawa watakuwa walimu. Mnataka mwalimu anayejua mpaka wa elimu yake, au mnataka mwalimu wa dakika nane?

Mama wa ofisi ya mitihani alifungua faili lake taratibu. "Mwalimu, nakuelewa kabisa. Lakini fomu yetu ina safu mbili: amepata, hakupata. Haina safu ya sijui. Nikuwekee wapi?"

"Iongezwe safu!"

"Na nani?"

Walimu wa kemia walitazama saa. Niliona limekwisha. Nilimgeukia Mzee Sufuri, naye hakunitazama, alikuwa anatazama zile namba ubaoni, na ninaapa kwamba alikuwa anazielewa, pengine yeye peke yake.

"Binti yangu," alisema, "yaliyopita nitayaandika kuwa ni hitilafu ya usahihishaji. Hilo naweza. Lakini kamati haiwezi kukupa muhula mwingine kwa matumaini tu. Nakuuliza swali moja, na jibu lako nitaliandika hapa kama lilivyo. Ukipewa wanafunzi wapya, wakapimwa mara mbili kwa jaribio hilihili, wastani utapanda?"

Akaishika kalamu tayari.

Jibu la kweli nilikuwa nalo mdomoni. Wanafunzi wapya sijawaona. Nikiwafundisha kama nilivyowafundisha hawa, utashuka tena. Nikiwafundisha vinginevyo, sijui. Jibu lilikuwa E. Nilimtazama Mama Dawa, na yeye alikuwa amelegeza mabega, ametulia, kama mtu anayesubiri kusikia neno analolifahamu. Alijua nitasema nini. Alikuwa na uhakika nami kuliko mimi mwenyewe.

Kisha macho yangu yakarudi ubaoni, kwenye zile namba mbili nilizoziandika kwa mkono wangu. Sijui nne mwanzoni. Sijui mia moja sabini na moja mwishoni. Na nikamwona mke wa mwalimu mkuu amesimama sebuleni kwetu na koti lake.

Ingekuwa kinyume tu! Wapimwe mara ya kwanza wakiwa wameambiwa kwamba asiyejua achague Sijui, bila aibu. Wataanza chini kabisa, saba, pengine sita. Mwishoni waambiwe wasiache swali hata moja, wabahatishe. Wataongezeka hata kama muhula wote nimewasimulia hadithi. Hakuna atakayekuwa amejifunza chochote, na wastani utapanda. Tepu ni ileile. Mkono ni uleule.

"Ndiyo," nilisema.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika kabisa."

Mzee Sufuri aliandika. Nilisikia kalamu yake ikikwaruza karatasi, neno moja, kisha sahihi. Mama wa ofisi ya mitihani alifunga faili. Darasa langu lilikuwa limepona.

Mama Dawa alinisubiri koridoni, karibu na lile benchi.

"Hongera, Mwalimu. Limebaki."

"Asante, Mama Dawa."

Tulitembea hatua kadhaa. Alikuwa anaizungusha saa yake.

"Ila pale mwisho," alisema. "Wale wapya hata hujawaona. Ulijuaje?"

Alisimama, akanitazama kwa upole, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Hasi nusu, Mwalimu," alisema polepole. Akatabasamu kidogo ili nisijisikie vibaya, akaenda zake.

Alidhani nimebahatisha. Laiti ningekuwa nimebahatisha! Ningemkimbilia, ningemwomba radhi, tungecheka. Lakini sikubahatisha hata kidogo. Katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kuwa na uhakika wa namba kama nilivyokuwa na uhakika wa ile.

Muhula mpya ulianza baada ya wiki tano. Wanafunzi thelathini na wanne, madaftari mapya, nyuso ngeni. Mama Dawa, akiwa sasa mwaka wa pili, alijitolea kunisaidia kugawa karatasi za jaribio la kwanza. Alipita kati ya madawati akiziweka moja moja, uso juu, bila kusema na mtu. Tangu siku ya kamati alikuwa ananisalimia vizuri tu, kama unavyomsalimia jirani.

Nilisimama mbele. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yangu nyumbani, nikijitazama kwenye kioo cha wateja.

"Kila swali lina majibu matano," niliwaambia. "Ukiona jibu unalijua, chagua. Kama hujui, usibahatishe. Chagua E, Sijui. Hakuna atakayekucheka, hakuna atakayekuchapa. Kusema sijui si aibu katika chumba hiki."

Waliinama wakaanza kuandika. Binti mmoja wa nyuma aliniinulia uso, macho yake yakilengalenga, kama mtu aliyetuliwa mzigo, kisha naye akainama. Kuanzia dawati la kwanza mpaka la mwisho niliona kalamu zikishuka kwenye ile herufi ya tano. E. E. E. Nilikuwa nazihesabu. Hazikuwa zimefika kumi na tayari nilikuwa najua wastani.

Mama Dawa alirudi mbele na karatasi zilizobaki. Aliziweka mezani, akazinyoosha kingo. Nilipomtazama, macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Nilikufikiria vibaya," alininong'oneza. "Nilijua baada ya yale ya kamati utaiacha Sijui. Hukuiacha." Akachukua kalamu yangu nyekundu na kuandika kitu kwenye kona ya daftari langu la mahudhurio, akanigeuzia nikisome. Ilikuwa alama ya kujumlisha, na mbele yake nusu. "Nimekurudishia ile yako."

Nilimwambia asante, nikalifunga daftari. Kisha nikatazama saa yake, kwa kuwa sikuweza kumtazama yeye, nikawatangazia wanafunzi kwamba zimebaki dakika arobaini.